Pingi ya kijani, kaunta imesimama: tuchague programu gani ya kufuatilia seva?

Swali: "Kampuni yetu inasambaza bidhaa za jumla. Makao makuu yapo Mwanza, matawi yapo Bukoba, Musoma, Shinyanga na Kahama. Tuna seva 14 (sita Windows Server, nane Linux, nyingi ni seva pepe zilizo juu ya mashine mbili), ruta 5, swichi 10 na UPS 5 (vifaa vya betri vinavyoshikilia umeme ukikatika). Kitengo cha TEHAMA tupo wawili tu. Mwezi uliopita mfumo wa mauzo ulisimama Jumamosi saa nne asubuhi, na aliyetujulisha ni mhasibu wa Kahama. Tulikuta diski ya hifadhidata imejaa. Muda wote huo ukurasa wetu wa pingi, ule unaoiuliza kila seva "upo?", ulikuwa wa kijani. Mkurugenzi anataka tununue programu ya kulipia, anasema za bure si salama. Mwenzangu anataka Prometheus na Grafana. Mimi naona Zabbix inasifiwa. Kuna na muuzaji ametuletea huduma ya wingu inayolipiwa kwa dola, kwa kila seva, kila mwezi. Ipi bora? Na je, pingi tukiipanga vizuri haitoshi?"

Jibu: Ndugu yangu, umeuliza kuhusu programu, lakini naona kinachokusumbua zaidi ni ile Jumamosi. Unaogopa isijirudie, kisha muwe mmeshalipia kitu na bado mhasibu wa Kahama ndiye anayepiga simu. Nianze hapo, kwa sababu ukishaelewa kilichotokea siku ile, programu inayowafaa itajitokeza karibu yenyewe.

Seva inapojibu pingi, anayejibu si mfumo wa mauzo wala hifadhidata. Ni kiini cha mfumo endeshi, sehemu ya chini kabisa inayoshughulika na mtandao, na kiini hakihitaji diski iwe na nafasi ili kijibu. Ni sawa na kubisha hodi getini: mlinzi akiitika unajua getini kuna mtu, hujajua kama ndani ya duka kuna anayeuza. Ukiipanga pingi kila sekunde tano itaendelea kujibu swali lilelile, kwamba umeme upo na njia ya kufika ipo. Kwa ruta za matawi hilo ni swali zuri, usiiondoe huko. Kwa seva ya mauzo ni swali dogo mno.

Wengi wakishajua hilo hupanda ngazi moja na kuangalia kama poti, yaani mlango wa mtandao wa programu husika, iko wazi: 1433 kwa SQL Server, 5432 kwa PostgreSQL, 3306 kwa MySQL. Ni afadhali, lakini Jumamosi ile na poti nayo ingekuwa ya kijani. Mara nyingi hifadhidata iliyojaa diski huendelea kupokea wateja, huwaruhusu kuingia, na husoma taarifa bila shida. Inachoshindwa ni kuandika. Kwa hiyo kipimo kinachostahili kuaminiwa ni kile kinachofanya kazi ya keshia: tengeneza jedwali dogo la majaribio ndani ya hifadhidata, kisha kila dakika moja au mbili script iandike mstari mmoja, iusome, iufute, na irudishe muda uliotumika. Ikishindwa mara mbili mfululizo, kengele ilie. Kipimo hiki kimoja kina thamani kuliko grafu hamsini za kichakataji.

Hukusema mnatumia hifadhidata gani. Kama ni SQL Server, kabla ya kununua chochote endesha ombi hili: SELECT name, recovery_model_desc, log_reuse_wait_desc FROM sys.databases. Ukikuta hifadhidata ya mauzo imeandikwa FULL na safu ya mwisho inasema LOG_BACKUP, huenda umempata mkosaji. Katika hali ya FULL kila muamala unaandikwa kwenye faili la logi, na nafasi ya ndani ya faili hilo haitumiki tena mpaka logi yenyewe ifanyiwe bakapu. Bakapu ya kawaida ya usiku, ile ya hifadhidata nzima, haiifungui. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na bakapu nzuri kila usiku na bado logi ikavimba mpaka ikala diski yote. Dawa ni kupanga bakapu ya logi kila dakika 15 hadi 30. Kuongeza diski bila kufanya hivyo ni kuahirisha Jumamosi nyingine, na kufuta faili la .ldf (logi yenyewe) kwa mkono ni kutafuta msiba. Kwenye PostgreSQL ugonjwa unaofanana huletwa na sloti ya urudufishaji iliyoachwa: seva ya pili imeondolewa, lakini ya kwanza inaendelea kuitunzia mafaili ya WAL, yaani logi yake ya mabadiliko.

Sasa kengele ya diski. Programu nyingi huja zikiwa zimepangwa kulia diski ikifika asilimia 80 au 90, na asilimia hudanganya pande zote mbili. Asilimia 10 ya diski ya TB 4 ni GB 400, hakuna haja ya kumwamsha mtu. Asilimia 10 ya diski ya GB 500 ni GB 50, na logi inayokua GB 2 kwa saa itazimaliza kwa saa 25. Unachotaka kujua ni muda uliobaki. Zabbix ina kipengele cha timeleft, Prometheus ina predict_linear, na vyote hutazama mwendo wa saa zilizopita na kukisia diski itajaa lini. Weka ujumbe wa kawaida ikibaki chini ya siku 7, na kengele ya kuamsha mtu ikibaki chini ya saa 12. Kwa seva za Linux pima na inodi pia (nafasi za kuorodhesha mafaili): diski inaweza kuonyesha nafasi tele huku inodi zimekwisha kwa sababu ya mamilioni ya mafaili madogo, na hapo kila faili jipya litakataliwa.

Vingine nitavipita haraka. RAM ya Linux usiipime kwa "iliyotumika", kwa sababu Linux huazima RAM isiyo na kazi kuhifadhi mafaili, tazama MemAvailable. Kichakataji kikifika asilimia 95 kwa dakika tatu wakati wa bakapu hakina kosa, kinafanya kazi uliyokinunulia. RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, ili moja ikifa data ibaki) ipimwe kupitia kidhibiti cha seva yenyewe, iDRAC kwa Dell au iLO kwa HPE, kwa sababu diski moja ikifa mfumo endeshi huenda usione chochote na mtaendelea kuuza kwa furaha mpaka ya pili ife. Vyeti vya TLS, vinavyolinda mawasiliano ya mtandao, wekeni ujumbe siku 21 kabla ya kuisha.

Bakapu zinahitaji kengele ya namna ya pekee, ambayo huwa naiita kengele ya ukimya. Usisubiri bakapu iseme "nimeshindwa", kwani iliyokwama katikati haisemi chochote. Iambie itume neno kila inapomaliza, pamoja na ukubwa wa faili, na mfumo ulie usiposikia kitu kwa saa 26. Kwa Zabbix ni amri moja ya zabbix_sender mwishoni mwa script. Ukubwa nao una maana: bakapu ya juzi ilikuwa GB 38, ya jana MB 4, na zote mbili zimeandika "imefaulu". Unajua ipi ya kutilia shaka.

Na joto la chumba. Umeme ukikatika, UPS hubeba seva, lakini kiyoyozi hakimo kwenye UPS. Seva zinaendelea kupuliza joto kwenye chumba kilichofungwa, na katika chumba kidogo joto huweza kupanda sana kabla jenereta haijashika au kabla mtu hajakumbuka kuwasha kiyoyozi upya. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, unapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Wekeni ujumbe ikifika 30 na kengele ikifika 35. Kihisi cha joto kinachounganishwa kwenye kadi ya mtandao ya UPS kinatosha, na kadi hiyohiyo itawaambia umeme umekatika saa ngapi na betri imebakiza dakika ngapi.

Hoja ya mkurugenzi

Mkurugenzi ana haki ya kuuliza usalama, ila ameulenga mahali pasipo sahihi. Desemba 2020 iligundulika kwamba sasisho la Orion, programu ya ufuatiliaji ya kulipia ya SolarWinds, lilikuwa limetiwa sumu kiwandani, na wateja wapatao 18,000 walikuwa wamelipakua, zikiwemo idara za serikali ya Marekani. Nao Zabbix, wa bure, mwaka 2022 walitangaza tundu lililomwezesha mtu kuingia kwenye dashibodi bila nenosiri pale palipowashwa njia ya SAML (kuingia kwa akaunti moja ya kampuni), na tundu hilo lilitumiwa na wavamizi. Kwa hiyo leseni si ngao, na chanzo huria nacho si ngao. Mfumo wa ufuatiliaji ni hatari kwa asili yake, kwani unafika kwenye kila seva na mara nyingi unashika manenosiri yao. Kinacholinda ni mambo machache ya kuchosha: dashibodi isionekane kwenye intaneti bali ifikiwe kwa VPN tu, nenosiri la mwanzo libadilishwe siku ileile (la Zabbix ni Admin na zabbix, dunia nzima inalijua), neno "public" kwenye SNMP (lugha ya kuulizia vipimo vya swichi, ruta na UPS, na neno hilo ni nenosiri lake la mwanzo) liondolewe na mtumie SNMPv3 kwani v2c hupita waziwazi bila kusimbwa, ajenti (programu ndogo za kupima zinazokaa ndani ya seva) zisiendeshwe kama mkuu wa mfumo pasipo sababu, na sasisho zisikae miezi.

Mwambie pia kwamba bure si bila gharama. Gharama yake ni saa zenu. Kwa watu wawili na vifaa 34, tengeni wiki mbili za kusimika, kisha nusu siku kila wiki kwa miezi mitatu ya kwanza ya kurekebisha kengele. Kama hamna muda huo na hakuna dalili ya kuupata, basi kulipia kunaingia akilini, na si jambo la kuonea aibu.

Programu zenyewe

Huduma ya wingu ya yule muuzaji ina sifa moja kubwa ambayo nyingine hazina: imesimama nje ya jengo lenu, hivyo Mwanza ikizimika yote, yeye bado yupo hai. Ubaya wake ni malipo ya dola yanayokua kila mnapoongeza seva, moduli za logi na hifadhidata ambazo mara nyingi hulipiwa kando (mwombe bei ya jumla ya miezi 36, asikuonyeshe ya seva moja), na taarifa kwenda nje ya nchi. Logi za mfumo wa mauzo hubeba majina na namba za simu za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inaweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje. Hilo mjadili na mwanasheria wa kampuni kabla ya kusaini.

PRTG ya Paessler, Wajerumani wa Nuremberg, ndiyo ningempelekea mkurugenzi kama lazima iwe ya kulipia na inayokaa ndani. Ni rahisi kusimika kwenye Windows na inaeleweka siku ya kwanza. Hesabu yake ni ya vihisi, yaani kila kitu kimoja kinachopimwa, na wenyewe hukadiria wastani wa vihisi 10 kwa kifaa. Kwa vifaa vyenu 34 ni 340, mtaona leseni ya 500 inatosha. Subiri: mkipima kila poti ya swichi 10 zenye poti 24, hizo pekee ni 240. Ongeza seva 14 kwa vihisi 10 kila moja, mmefika 380 kabla ya ruta na UPS. Tawi jipya moja likija na swichi zake, mko ukingoni. Toleo la bure la vihisi 100 ni zuri kwa majaribio.

Prometheus ilizaliwa SoundCloud mwaka 2012 kwa ajili ya huduma nyingi ndogondogo zinazozaliwa na kufa kila saa, na kwa kazi hiyo sijaona ya kuishinda. Ninyi hamna kazi hiyo. Mna SQL Server, swichi na UPS. Prometheus huenda yenyewe kuchukua vipimo kwenye kila kifaa, kwa hiyo mtandao wa Bukoba ukikatika kwa muda wa saa tatu, saa hizo tatu zinabaki tundu kwenye grafu, isipokuwa muweke Prometheus nyingine ndogo kila tawi. Kengele zinaendeshwa na programu tofauti, Alertmanager, swichi zinahitaji kitafsiri cha SNMP, Windows kitafsiri chake, na kumbukumbu kwa kawaida hukaa siku 15 tu. Kila kipande ni kizuri. Ila ni vipande vingi kwa watu wawili, mmoja akiwa likizo. Mwenzako asihuzunike: kazi kubwa ya Grafana ni kuchora, na ina kiunganishi cha Zabbix, hivyo michoro yake ataipata.

Checkmk na Nagios ni za heshima na zinafanya kazi. Kama mmojawenu angekuwa tayari anaijua mojawapo, ningesema bakini nayo. Hukutaja, kwa hiyo naziacha.

Kwa hali mliyoieleza ningechagua Zabbix, toleo la 7.0 linalotunzwa kwa miaka mitano tangu Juni 2024, kwa sababu moja kuu: proksi. Proksi ni programu ndogo inayokaa tawini, inapima vifaa vya pale, inahifadhi vipimo mahali hapo, na mtandao ukirudi inavituma vyote Mwanza vikiwa na saa zake halisi. Ni proksi inayopiga hodi makao makuu kupitia poti 10051, hivyo tawini hamfungui poti yoyote kwenye fayawoli, na haijalishi kama kampuni ya mtandao haijawapa anwani ya umma. Kompyuta ndogo yenye RAM GB 2 na SSD inatosha, hifadhi ikiwa SQLite, hifadhidata ndogo isiyohitaji seva yake.

Mambo mawili ya kubadilisha kwenye faili la mipangilio la proksi, kwa sababu ya hali zetu. ProxyOfflineBuffer kwa kawaida ni saa 1, wekeni 72, ili kebo ikikatwa na wachimba barabara Ijumaa jioni msipoteze kitu hadi Jumatatu. Na ProxyBufferMode iwe disk. Hali ya hybrid ina kasi zaidi, lakini hushika vipimo kwenye RAM kwanza, na umeme ukizimika ghafla vinapotea, navyo ndivyo vingewaeleza kilichotokea kabla ya kuzimika.

Ukubwa wa seva kuu tuupigie hesabu, maana wauzaji hupenda kuutisha. Seva 14 zenye vipimo 100 kila moja ni 1,400. Swichi 10 zenye 120 ni 1,200. Ruta na UPS zikiingia tunakaribia 3,000. Kila kimoja kikipimwa mara moja kwa dakika ni vipimo 50 kwa sekunde, au 4,320,000 kwa siku. Kimoja huchukua takriban baiti 90 kwenye hifadhidata, kwa hiyo ni kama MB 390 kwa siku, GB 12 kwa siku 31. Muhtasari wa kila saa unaotunzwa mwaka mzima unaongeza GB 2 na kidogo. Mashine yenye kichakataji cha cores 2 hadi 4, RAM GB 8 na SSD ya GB 100 itaubeba mzigo huo bila kutoka jasho. Isiwe seva pepe juu ya mashine zile mbili, hata kama nafasi ipo. Mashine ikianguka, anayetakiwa kutoa habari ameanguka nayo.

Kengele ifikeje mkononi

Hapa ndipo miradi mingi hufia, na ndipo ningetumia nusu ya muda wenu. Barua pepe haimwamshi mtu. Telegram ni nzuri na ya bure, lakini inahitaji intaneti pande zote mbili, na huweza kuzuiwa: huko Kenya Telegram ilizuiwa kwa muda kipindi cha mitihani ya sekondari ya KCSE, Novemba 2024. Tumieni Telegram kwa ujumbe wa kawaida, na SMS kupitia modemu ya USB yenye laini kwa kengele nzito. SMS haihitaji intaneti yenu. Angalizo la ununuzi: modemu nyingi za siku hizi hujitambulisha kwenye kompyuta kama kadi ya mtandao, hazitoi poti ya siriali, na Zabbix au Gammu (programu ya kutuma SMS) haziwezi kuzitumia moja kwa moja kutuma SMS. Jaribu kabla ya kulipa: ukichomeka kwenye Linux, /dev/ttyUSB0 au ttyACM0 inapaswa kuonekana. Halafu salio. Kengele nyingi zimekufa kwa kukosa salio la SMS. Pangeni ujumbe wa majaribio kila Jumatatu saa mbili asubuhi, usipofika mnajua la kufanya.

Kwenye ujumbe huo andikeni saa kwa namna isiyo na utata. Programu itaandika 02:00, na mtu aliyeamshwa usingizini atasoma saa mbili. Ongezeni "usiku wa manane" au "asubuhi" kwenye kiolezo cha ujumbe, au kubalianeni wote kusoma saa 24, na seva zote zifuate NTP (usawazishaji wa saa kupitia mtandao) na ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam.

Kisha nani amwangalie mwangalizi? Jengo la Mwanza likizimika lote, Zabbix imezimika na iko kimya, na ukimya unafanana sana na amani. Kodini seva ndogo ya nje, mweke Uptime Kuma, programu ya bure ya kuangalia kama kitu kiko hai, na Zabbix iipigie hodi kila dakika. Hodi zikikosekana dakika tano, ya nje itoe taarifa. Itafuteni Dar es Salaam au Nairobi, kwenye kampuni ya mtandao tofauti na yenu. Nasema hivyo kwa sababu tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki yote. Mwangalizi aliyekaa Ulaya siku ile angelia kwamba Mwanza imekufa, wakati matawi yanauza kama kawaida kwenye mtandao wa ndani.

Idadi ya kengele iwe ndogo kwa makusudi. Kila kengele inayoamsha mtu ijibu swali: akiamka, afanye nini? Kama jibu ni "aone tu", iwe ujumbe wa asubuhi. Tumieni utegemezi, ili ruta ya Musoma ikianguka mpate kengele moja ya ruta, si kumi na tano za vitu vilivyo nyuma yake. Wekeni pengo kati ya kulia na kunyamaza, kwa mfano ilie muda wa kuandika ukizidi sekunde 3 kwa dakika tano na inyamaze ukishuka chini ya 1, la sivyo italia na kunyamaza usiku kucha. Mkijikuta mmeizima sauti ya simu, kosa ni la mipangilio, na irekebishwe siku inayofuata. Asiyethibitisha ndani ya dakika 15, ipite kwa mwenzake.

Jaribio kabla ya uamuzi

Usiamue kwa maonyesho ya muuzaji. Chukua Zabbix na PRTG ya bure, zipe wiki mbili kila moja, kwa vifaa vinne tu: seva ya nakala ya mfumo wa mauzo (si ile ya kazi), ruta ya Kahama, swichi moja na UPS moja. Kisha haribu kwa makusudi. Simamisha huduma ya hifadhidata. Jaza diski kwa faili bandia. Windows ni fsutil file createnew D:\jaribu.tmp 21474836480, ambayo ni GB 20, Linux ni fallocate -l 20G jaribu.tmp. Chomoa kebo ya ruta kwa muda wa saa tatu, ichomeke tena, utazame kama grafu imejijaza. Zima UPS ukutani. Mwisho zima seva ya ufuatiliaji yenyewe. Andika kila mara ni dakika ngapi zimepita hadi simu iite na ujumbe ulisomekaje. Karatasi hiyo ndiyo umpelekee mkurugenzi, na kama PRTG imeshinda kwenu, inunueni.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi na mtu lazima aje. Kama kati yenu wawili hakuna aliyezoea Linux, lipeni fundi wa kuwasimikia Zabbix kwa siku chache huku mmoja wenu akishika kibodi, na mkataba useme maandishi ya mipangilio yanabaki kwenu. Kama mfumo wenu unahifadhi taarifa za kadi za benki, mkaguzi aangalie kabla ajenti hazijawekwa. Kama UPS zinaonyesha volti zinazopanda na kushuka mchana kutwa, mwite fundi umeme apime na waya wa ardhi (earth) wa jengo, hilo halina tiba ya programu. RAID ikionyesha diski moja imekufa, hakikisheni bakapu kwanza, thibitisheni namba ya sloti kwa taa yake, ndipo mchomoe. Wengi wamechomoa iliyo nzima. Na ikitokea hifadhidata imeandikwa SUSPECT, yaani SQL Server inashuku imeharibika, msiitenganishe na SQL Server, msiwashe na kuzima mashine kujaribu bahati. Nakilini mafaili yote mawili, la data na la logi, pembeni, kisha mwiteni mtaalamu wa SQL Server akae kwenye kiti hicho mwenyewe.